Mkono Mtupu Haulambwi: Kitabu cha Mauss juu ya Zawadi na Mizani ya Pwani Yetu

Mwaka 1925 mwanachuoni wa Kifaransa, Marcel Mauss, alichapisha katika jarida la L'Année sociologique makala ndefu juu ya zawadi, kwa jina la Essai sur le don. Karne moja imepita. Makala ile imekuwa kitabu, kikafasiriwa kwa Kiingereza na Ian Cunnison mwaka 1954, kisha tena na W. D. Halls mwaka 1990, na leo ni shida kukuta darasa la mila na desturi katika vyuo vikuu vya hapa London lisilokitaja. Vijana wetu wanakisoma, na wanapoandika juu ya babu zao wa Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na Maskati, wanayapima mambo ya wazee kwa kipimo cha Mauss. Wanachokiandika ndicho kitakachobaki maktabani baada yetu. Kwa hivyo tumeona inafaa kipimo chenyewe nacho kipimwe.

Asemalo Mauss si gumu. Anasema hapana zawadi ya bure. Kuanzia Wamaori wa New Zealand mpaka visiwa vya Melanesia na watu wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, alikuta wajibu watatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Asiyetoa hana hadhi, asiyepokea ametangaza uadui, na asiyerudisha amejifanya mdogo wa aliyempa. Kitu kilichotolewa kimebeba sehemu ya nafsi ya mtoaji, ndiyo maana hakitulii mpaka kirudi. Katika jamii za kikale, anasema, zawadi ilikuwa biashara, siasa, dini na udugu kwa pamoja. Jamii za kisasa zimeyatenga hayo, soko upande wake na hisani upande wake, na zimepungukiwa kwa kufanya hivyo.

Tukiri kwanza kwamba mengi katika hayo yanatuelea bila ya kufundishwa. Sahani ya futari iliyotoka kwa jirani hairudi tupu. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, na hawakuhitaji kwenda Paris kulijua hilo. Ngazija iko desturi ya anda, harusi kubwa, ambayo mwanamume aliyekula katika harusi za wenziwe hana budi kuwalisha na yeye siku yake ifike. Asiyeifanya hubaki mnamdji, hata akiwa na mvi, na aliyeifanya ndiye mdru mzima, mtu kamili mwenye kauli mbele ya watu. Wangazija wa Marseille hukusanya akiba ya miaka mingi ili warudi kuilipa. Na katika mashindano ya ngoma za beni, Lamu na Mombasa, ambayo Terence Ranger aliyaandikia kitabu mwaka 1975, upande mmoja ulikuwa ukiushinda mwingine kwa karamu na matumizi mpaka watu wakaingia katika madeni. Mauss angaliyajua haya, angaliyaweka katika mlango wa mbele wa kitabu chake.

Lakini hakuyajua, na hatumlaumu kwa hilo peke yake. Tunalolitilia nguvu ni kwamba ushahidi wa Pwani ulikuwa umeshachapishwa Ujerumani, umbali wa safari ya gari la moshi kutoka kwake. Desturi za Wasuaheli, kilichotokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na kuchapishwa na Carl Velten, kilitoka mwaka 1903. Mtoro, mtu wa upande wa Bagamoyo, alikuwa mwalimu wa Kiswahili Berlin na alifariki huko huko mwaka 1927, miaka miwili baada ya makala ya Mauss. Kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, aliyeitwa baadaye Emily Ruete, zilikuwa zimetoka kwa Kijerumani tangu 1886. Vitabu hivi viwili, kimoja cha mjini na kimoja cha jumbani, vimejaa zawadi. Tukivisoma pamoja na cha Mauss, tunaona mahali patatu ambapo kipimo chake hakitoshi.

Mahali pa kwanza ni majina. Katika harusi ya Pwani hapatolewi "zawadi" kwa jumla, na kila kitu kina jina lake. Kuna kilemba cha baba wa bibi harusi. Kuna mkaja wa mama, na mkaja asili yake ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Kuna ubeleko, na ubeleko ni nguo anayobebewa mtoto mgongoni. Kuna kipa mkono, anachopewa bibi harusi na mumewe wanapokutana. Hata fundi aliyemfundisha kijana kazi hupewa kilemba chake siku mwanafunzi anapohitimu. Tuyatazame majina haya kwa makini. Mkaja humkumbusha mkwe kwamba mwanamke huyu aliyekuja kuposwa alizaliwa, na kuna tumbo lililouma kwa ajili yake. Ubeleko unasema kuna mgongo uliombeba. Kilemba cha fundi kinasema kuna mtu aliyevumilia ujinga wa mwanafunzi wake. Kitu hiki hakianzishi deni, kinakubali deni lililokuwapo tangu zamani, tena deni ambalo nguo haiwezi kulimaliza, na pande zote mbili zinajua hivyo.

Hapa tofauti na Mauss ni kubwa. Yeye anaanza na anayetoa: fulani ametoa, sasa mwenziwe amefungwa. Desturi yetu inaanza na anayedaiwa. Mkwe hafiki na zawadi ili amfunge mama wa bibi harusi, anafika kwa sababu yeye mwenyewe amefungwa. Ndiyo maana wafasiri wa Kizungu waliozoea kuviita vitu hivi "bei ya mwanamke" walipotea njia, na ndiyo maana mtu wa Pwani akisikia neno hilo huona ametukanwa kabla hajajua kwa nini. Bei humaliza habari baina ya muuzaji na mnunuzi. Mkaja unaifungua habari mbele ya watu.

Mahali pa pili ni dini, na hapa sisi tuliosomea Kiarabu chuoni kabla ya Kiingereza skuli tunayo haki ya kusema. Mauss aliijua sadaka. Aliandika juu yake, akaona kwa usahihi kwamba neno lile la Kiarabu, na mwenziwe wa Kiebrania, asili yake ni haki na uadilifu. Na karibu na mwisho wa kitabu aliinukuu Sura ya 64, al-Taghabun, akamshauri msomaji aliondoe jina la Mwenyezi Mungu pale na kuliweka jina la jamii au la chama cha wafanyakazi, au ayaweke yote pamoja akiwa mtu wa dini. Wengi wamepita hapo bila ya kusimama. Sisi tunasimama, na si kwa hamaki, bali kwa sababu hesabu yake yote inavunjika pale pale.

Kwa Muislamu, anayetoa sadaka hakutoa kwa maskini ili maskini arudishe. Malipo yake yako kwingine. Maskini aliyepokea zaka amepokea haki yake iliyokuwa imekaa katika mali ya tajiri, na hana deni juu ya tajiri yule. Anayemsimanga aliyempa ameibatilisha sadaka yake, na Sura ya 2 imelikataza jambo hilo waziwazi. Basi kati ya wajibu watatu wa Mauss, wa tatu umeondoka: kurudisha hapana. Ukiliondoa jina la Mwenyezi Mungu katika mpango huu na kuiweka jamii, unairudisha palepale kwenye nipe nikupe, maana jamii ni watu, na watu hudai.

Mafaqihi walikuwa na macho makali zaidi katika jambo hili kuliko wanachuo wa Ulaya. Waliitenga hidaya, wanayopeana watu kwa mapenzi na heshima, na sadaka, inayotolewa kwa kutaka radhi za Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akipokea hidaya na hakuwa akila sadaka. Waliichambua hiba kwa sharti zake: kutamka, kukubali na kukabidhi. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Pwani, hiba ikishakabidhiwa hairejeshwi isipokuwa na mzazi kwa mwanawe. Na waliitenga rushwa. Hadithi ya Ibn al-Lutbiyya iko katika Bukhari na Muslim: mtu aliyetumwa kukusanya zaka alirudi na kusema hii ni yenu na hii nimetunukiwa mimi. Mtume alimkemea mbele ya watu, akauliza kama angeletewa hidaya ile lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake. Swali hilo linatosha mpaka leo kwa kila mwenye cheo.

Mauss anatuambia zawadi inafunga. Hatuambii ni lini kufungwa huko ni udugu na ni lini ni ufisadi. Neno letu "hongo" lina historia inayofundisha. Katika zama za misafara hongo ilikuwa ushuru uliojulikana, nguo, shanga na waya wa shaba, ambao msafara uliwapa watemi ili upite salama katika nchi zao, khasa Ugogo. Burton na Speke waliilipa, kama walivyoilipa Waarabu na Waswahili kabla yao, na Burton aliinung'unikia sana katika kitabu chake cha 1860. Kwa mtemi ilikuwa haki ya mwenye nchi, mwenye maji na chakula. Leo neno lile lile maana yake ni rushwa. Kitu hakikubadilika sana, kilichobadilika ni nani anayetambuliwa kuwa mwenye haki ya kupokea. Mtemi alipoondolewa nchi, haki yake ikawa wizi.

Mahali pa tatu ndipo panapotuhusu zaidi sisi wanahistoria: ule mgawanyo wa jamii za kikale na za kisasa, kama kwamba moja imekufa ndipo nyingine ikazaliwa. Enzi ya Sayyid Said bin Sultan, Mwenyezi Mungu amrehemu, inaukanusha mgawanyo huo. Alikuwa mtu wa mikataba, wa forodha iliyokodishwa na wa biashara ya karafuu na pembe, na wakati huo huo alikuwa mtu wa hidaya. Zawadi zake tatu zinastahili kutazamwa pamoja.

Ya kwanza ni manowari Liverpool, yenye mizinga 74, iliyoundwa Bombay na kushushwa majini mwaka 1826. Alimtunukia Mfalme William wa Nne, na mwaka 1836 ikaingia katika jeshi la majini la Uingereza kwa jina jipya la Imaum. Mfalme akarudisha jahazi lake la kifalme, Prince Regent. Hapa Mauss yumo sawasawa: mkubwa kampa mkubwa, na mkubwa karudisha. Hakuna aliyejidhili.

Ya pili ni Sultana, iliyofika New York tarehe 30 Aprili 1840 na Ahmad bin Naaman al-Kaabi. Pamoja na bidhaa za kuuza, alichukua hidaya za Rais Martin Van Buren, zikiwamo farasi wawili, lulu, shali za Kashmir, mazulia, mafuta ya mawaridi na upanga wa dhahabu. Rais hakuweza kuzipokea. Katiba ya Marekani inamkataza mwenye cheo kupokea kitu kutoka kwa mfalme wa nje bila ya ruhusa ya Congress. Congress ikaamua zipokewe kwa niaba ya taifa, farasi wakauzwa, na fedha zikaingia hazina. Hawakukosa adabu, kwani waliitengeneza meli kwa gharama ya serikali yao na kumpelekea Sayyid zawadi. Lakini angalia: sheria yao iliuliza swali lile lile aliloulizwa Ibn al-Lutbiyya, karne nyingi kabla. Pale ambapo Mauss angeona ukale na usasa vimekutana, sisi tunaona mataifa mawili, kila moja na sheria yake juu ya zawadi, na sheria hizo haziko mbali kama inavyodhaniwa.

Ya tatu inauma. Julai 1854 Sayyid Said alimpa Malkia Victoria visiwa vya Kuria Muria, katika pwani ya kusini ya Oman. Hati yake inaeleza kwamba ametoa kwa hiari yake, bila ya kulazimishwa na bila ya kutaka fedha. Waingereza walivitaka kwa ajili ya samadi ya ndege, na kwa miaka michache meli zilijazana hapo kuichota. Wavuvi wa al-Hallaniyah hatuwaoni wakiulizwa popote katika hati hiyo. Visiwa vilirudishwa mwaka 1967, kwa Sultan Said bin Taimur. Lililotolewa kwa lugha ya hidaya baina ya wafalme lilipokewa kwa lugha ya hati ya umiliki. Tunaposoma kwa wanahistoria wa Kiingereza wa zamani kwamba zawadi za Sayyid Said ni dalili ya udhaifu wake, tujue wamesoma upande mmoja wa barua. Anayetoa kisiwa na kukataa thamani yake hasemi "mimi mdogo wako." Kwa adabu yake yeye, anasema kinyume.

Kwamba lugha hizi mbili ziliwatatanisha hata wao wenyewe, tunaona katika hukumu ya Lord Canning ya mwaka 1861, iliyoitenga Zanzibar na Oman. Sayyid Majid alitakiwa ampelekee Sayyid Thuwaini riale 40,000 kila mwaka. Hukumu ikaona lazima ieleze kwamba malipo hayo si alama ya Zanzibar kuwa chini ya Maskati. Fedha peke yake haikuweza kujieleza: ni kodi, ni hidaya, au ni fidia? Ilibidi iandikwe.

Mpaka hapa wasomaji wengi wa jarida hili watakuwa pamoja nasi. Sasa tuseme ambalo katika maandishi yetu wenyewe linapitwa haraka. Sayyida Salme anaeleza kwa mapenzi sikukuu za jumbani, na jinsi baba yake alivyokuwa akigawa zawadi za Idi kwa watu wa nyumba yake, wakubwa kwa wadogo. Ni kurasa nzuri, na familia zetu huzisoma kwa fahari. Lakini katika jumba hilo hilo mtoto alipewa na watumwa wa kumtumikia. Binadamu naye alikuwa kitu cha kutunukiwa. Na ukarimu wenyewe ulilipiwa na mashamba ya karafuu, na mashamba yalilimwa na watumwa. Sayyida Salme, aliyeijua Ulaya vizuri, bado aliandika mlango mzima wa kuutetea utumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, hadhi ya utumwa ikaondolewa na sheria mwaka 1897, na masuria hawakuingia katika sheria hiyo mpaka 1909.

Jonathon Glassman, katika Feasts and Riot cha mwaka 1995, ameonyesha jinsi karamu na ukarimu katika miji ya Mrima zilivyokuwa uwanja wa ugomvi: wakubwa wakitoa ili watukuzwe, na wadogo, watumwa na watu wa bara, wakidai nao wawe na nafasi ya kutoa, maana kutoa ndiko kuwa mtu. Wako kati yetu waliokichukia kitabu hicho. Tunaona hoja hii imesimama, kwa ushahidi wa desturi zetu wenyewe. Ikiwa mkaja na kilemba ni kukubali deni, basi lazima tuulize ni deni lipi ambalo karamu za wakubwa hazikulikubali. Mpishi, mchukuzi, mchuma karafuu, hawa walidai na hawakuwa na nguo iliyopewa jina kwa ajili yao. Historia ya zawadi inayoandikwa na wapokeaji wa Idi peke yao ni nusu ya historia. Wale wengine nao walikuwa na watoto, na baadhi ya watoto hao ndio waliotutoa makwetu Januari 1964. Kusema hivyo si kuhalalisha mauaji na unyang'anyi uliotokea. Ni kukataa kwamba ulitoka mbinguni.

Tumalizie na hapa tulipo. Kanuni ya Mauss kwamba usasa unaua zawadi haikuthibiti London. Harusi zetu zinafanywa kumbini, bahasha zimechukua nafasi ya vikapu, na mchango unapelekwa benki kabla ya saa ya chakula. Anayefiwa hapa bado hukuta mlango umejaa watu na masufuria. Zawadi ipo. Linalopotea ni majina. Tumesikia vijana wakisema "pesa za mama" kwa kitu kilichoitwa mkaja. Likipotea jina, inabaki kiasi, na kiasi kinashindanishwa: fulani alitoa ngapi, na sisi tutoe ngapi. Hapo tutakuwa tumemkaribia yule Mauss wa mashindano, na tumemwacha Mtoro.

Kuna jambo moja la kufanya lisilohitaji fedha. Katika nyumba nyingi za familia zetu kuna vitu vilivyotunukiwa: upanga, chetezo, saa, kidani, barua. Vingi vitaishia makumbushoni au mnadani. Kabla hakijatoka nyumbani, kiandikiwe karatasi: nani alimpa nani, lini, kwa sababu gani, na kiliitwaje. Na ikiwa kinajulikana kilichorudishwa, nacho kiandikwe. Yakijulikana majina ya waliokitengeneza, waliokichukua na waliokitumikia, yatangulie hayo, kwa kuwa hao ndio ambao hakuna aliyewaandika. Upanga usio na karatasi hiyo, mwanahistoria wa kesho ataweza kuupima uzito tu.